Kichwa cha Yoramu wa Usoke

Katika kijiji chote cha Usoke, na pengine katika vituo vyote vya reli kutoka Tabora hadi Kigoma, hapakuwa na mtu mwenye adabu kama Yoramu. Nasema hivyo bila kumsifu, maana adabu yake ilikuwa imepita kiasi na kukaribia kuwa ugonjwa. Siku moja alikuwa akirina asali, nyuki wakamvamia, wakamwingia mpaka ndani ya shati, na papo hapo akapita jirani akamuuliza habari za kazi. Yoramu alisimama, akavua kofia iliyojaa nyuki, akajibu kuwa habari ni nzuri, akauliza za nyumbani kwake, za watoto, za shamba na za mvua. Ndipo akaomba radhi, akakimbilia mtoni. Jioni mkewe alimtambua kwa sauti tu, kwa jinsi uso ulivyokuwa umevimba, na akamkanda kwa maji ya chumvi huku akimgombeza.

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, wanamgambo walipokuja kuibomoa nyumba yake ili ahamie kijiji kipya karibu na barabara, majirani wengine walilia na wengine walitukana. Yoramu aliwaambia vijana wale poleni na kazi, akawaletea maji ya kunywa, na paa lilipogoma kushuka akawaonyesha nguzo ya kuanzia. Tekla, mkewe, alikaa muda mrefu bila kumsemesha.

Tekla alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Akiumwa jino, kijiji kizima kilijua ni jino lipi. Watu walisema wale wawili Mungu aliwapa ulimi mmoja wagawane, Tekla akauchukua wote. Ndiye aliyegundua habari za ngiri. Kwa miaka mingi Yoramu alikuwa na uvimbe kinenani, ukitoka anapobeba mzigo na kurudi anapolala, wala hakumwambia mtu. Alisema salama shambani, akasema salama kanisani ambako alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, na akasema salama tu siku alipoanguka chini ya robota la tumbaku mbele ya mizani ya ushirika. Siku hiyo Tekla alimvuta nyuma ya ghala, akamkagua, akatoka akiwa ameshika kichwa. Kesho yake walipanda treni kwenda Tabora.

Tekla hakuweza kukaa naye hospitalini. Tumbaku ilikuwa ndani ya bani, inakaushwa kwa moto, na moto wa bani hauachiwi mtu mwingine. Tena kulikuwa na Pelagia, binti yao, mwenye mimba kubwa na nyonga nyembamba. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeishia pabaya, mtoto hakupona, na safari hii madaktari walikwisha sema atapasuliwa Tabora, mwezi ukitimia. Basi Tekla aliweka kikapu cha michembe na chupa ya asali chini ya kitanda cha mumewe, akamwinamia.

“Ukiulizwa hali, sema hali,” akamwambia. “Usiseme salama. Unanisikia, Yoramu?”

Yoramu alisema amesikia, akamshukuru, akamtakia safari njema.

Daktari wa upasuaji aliitwa Rehmat, binti wa Kassamali mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Alikuwa kijana bado, na watu wa mjini walimwamini kwa kuwa walimkumbuka alipokuwa mdogo, ameketishwa juu ya meza ya duka akila karanga. Bibi yake, Dolatbai, alikuwa amemlea kwa sheria moja isiyo na msamaha: mtu mzima haulizwi jambo lolote kabla hajaamkiwa. Rehmat alipopata udaktari hakuiacha sheria ile mlangoni. Alimwamkia kila mgonjwa aliyemzidi umri, kitanda kwa kitanda, hata siku za haraka, na wazee walimpenda kwa hilo kuliko walivyompenda kwa kisu chake.

Wakati huo alikuwa na utafiti. Wagonjwa wa kupasuliwa chini ya kitovu hakuwapa nusu kaputi, ile dawa ya kumlaza mtu usingizi mzito, kwa sababu mashine yake ilikuwa na matatizo na mitungi ya hewa ilichelewa kutoka Dar es Salaam. Aliwachoma sindano ya ganzi mgongoni, katikati ya pingili, na mtu akafa ganzi kutoka kitovuni kwenda chini huku macho yake yakiwa wazi. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, na watu walitoka wazima. Kilichomsumbua ni habari ya kichwa. Vitabu vilisema wengine huumwa kichwa vibaya siku zinazofuata, kwa kuwa maji ya uti wa mgongo huvuja kwenye tundu la sindano. Sasa yeye alikuwa na sindano za aina mbili. Nene zilijaa kabati, ngumu, za kuchemshwa na kunolewa mwaka nenda mwaka rudi. Nyembamba zilikuwa chache, zilipinda upesi, na kuzipata ilibidi kuibembeleza Wizara. Alitaka kujua kama nyembamba zinapunguza maumivu kiasi cha kustahili kubembelezewa.

Ili asije akampendelea mtu, alitia njugu mawe nyeupe na nyekundu ndani ya kopo la Kimbo, na kila mgonjwa akatia mkono bila kutazama. Anayetoa nyeupe alichomwa sindano nyembamba, anayetoa nyekundu alichomwa nene, na maana ya rangi mgonjwa hakuambiwa. Aliwaeleza shabaha yake, akawaomba ridhaa, akasema asiyetaka atatibiwa vilevile. Wengi walikubali, ingawa wodini ilinong'onwa kwamba binti Kassamali siku hizi anapiga ramli.

Kama mzee wa kanisa, Yoramu hakupenda hata kidogo kutia mkono kwenye kopo la ramli. Lakini kopo lilikuwa limekwisha nyooshwa mbele yake na daktari mwenyewe, mtoto aliyemwamkia vizuri. Alisali kimoyomoyo, akatoa njugu nyekundu.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vyema mno. Ganzi ilipopanda, Yoramu aliona mguu wa mtu ukiinuliwa karibu naye, akautazama, kisha akauliza kwa upole ni wa nani. Muuguzi akamwambia ni wako, baba. Yoramu akaomba radhi kwa kutoutambua. Kisu kilipokuwa kazini aliuliza hali ya mzee Kassamali na biashara ya vitambaa, akawapa wote pole ya kusimama muda mrefu, na mshono ulipofungwa akashukuru kwa niaba ya familia. Daktari Rehmat alisema hajapata kumpasua mtu kama huyo.

Siku ya pili, Yoramu alipoinuka anywe uji, kichwa kilimwanga. Kilianzia kisogoni, kikashika shingo, kikaja kusimama nyuma ya macho, kama kuna mtu ndani anatwanga mahindi na hana nia ya kupumzika. Akalala chali. Mtwangaji akaacha. Akainuka tena, mchi ukaanza upya. Akilala alikuwa mzima kabisa, hata aliweza kuimba, na akikaa hakuweza kuitazama nuru ya dirisha.

Angelala tu siku zote, mambo yangekuwa mepesi. Lakini asubuhi Daktari Rehmat alifika mlangoni, na mtu mwenye adabu haamkiwi akiwa amejilaza kama gogo. Yoramu aliketi wima, akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni. Mchi ukashika kazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umeamkaje? Kichwa kinauma?”

Sasa fikiri mwenyewe. Mtu amekwisha itika marahaba, amekwisha mpokea mtoto wa watu kwa salamu yake, halafu hapo hapo amtwishe maumivu? Yoramu hakulelewa hivyo. Alisema hakuna neno, ni salama tu, akauliza kama mzee Kassamali ameamka vizuri. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa maumivu, na daktari akadhani ni ya shukrani. Akampa pole, akaandika kwamba haumwi kichwa, akasogea kitanda kinachofuata. Huko nako alimwamkia mtu, na huko nako kulikuwa salama.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Wodi nzima ilikuwa ya watu waliolelewa vizuri, Wanyamwezi wa Usoke na wa Nzega, Wakatoliki, Wamoravian na Waislamu, na wote waliketi wakaitika. Daktari akitoka mlangoni tu, walianguka mmoja mmoja kwenye mito yao.

Mtu mmoja tu mle ndani hakuwa na adabu, naye alilala kitanda cha jirani na Yoramu. Aliitwa Abasi, gadi wa treni, aliyepanga chumba mtaa wa Chemchem hapo mjini lakini kwao ni Uzaramo. Alikuwa amepasuliwa busha, alitoa njugu nyeupe, na alikuwa mzima wa kichwa na wa mdomo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kupita katika nchi ya Wazaramo. Walipigana kwanza, baadaye wakaona bora watukanane tu, na matusi yale yakawa undugu. Mtani hakuamkii. Mtani anakula chakula chako bila kuomba, na akikuta unazikwa anaweza kulala kaburini akidai zamu ni yake. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye makosa.

Asubuhi ya kwanza Abasi alimtazama Yoramu akasema, kumbe bado upo. Kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu cha Tekla, akachukua michembe, akaanza kutafuna vile viazi vikavu kwa sauti. Yoramu alimwambia atafune taratibu, meno ya Wazaramo yamezoea ubwabwa wa misibani. Maneno yalimtoka yenyewe, naye akashangaa jinsi yalivyompunguzia uzito kifuani. Tangu siku hiyo walikesha wakitukanana kwa furaha, na ni katika kutukanana huko ndipo Yoramu alimwambia Abasi aache kelele kwa kuwa kichwa kinampasuka.

Abasi aliacha kutafuna. Akamuuliza mbona kwa daktari kila siku ni salama.

“Yule ameniamkia,” Yoramu akasema. “Wewe hujaniamkia.”

Abasi akaendelea kutafuna.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kichwa kikapoa chenyewe kama vinavyopoa vingi, na Yoramu akarudi Usoke na siri yake. Lakini asubuhi moja Daktari Rehmat alikuja anatabasamu mpaka masikioni. Aliamkia, akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Yoramu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alisema utafiti umekaribia mwisho na matokeo yanapendeza: nyeupe au nyekundu, nene au nyembamba, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeumwa kichwa. Vitabu vya Ulaya havikuwajua watu wa Tabora. Ijumaa angekuja mkubwa kutoka Wizarani, naye angemwambia kwamba hakuna haja tena ya kuagiza zile nyembamba. Kuanzia wiki ijayo watu wote watachomwa nene.

“Na Pelagia wako yumo katika wiki hiyo,” akamwambia. “Tutamchoma sindano ileile uliyochomwa wewe, mzee, maana ilikukubali vizuri sana.”

“Asante sana, mwanangu,” akasema Yoramu.

Alipokwenda, Yoramu alilala akatazama dari. Kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, alikuwa amelala na bado alikuwa anaumwa. Alimwona Pelagia akiwa na mtoto mchanga, mtoto ambaye wote walikuwa wamemwombea tangu yule wa kwanza apotee, anashindwa kuketi amnyonyeshe kwa sababu ya mchi kisogoni. Na akamwona anaulizwa hali na kujibu salama, kwa kuwa alilelewa na Yoramu. Hapo aliogopa kweli. Alijiona mjinga, akajichukia.

Alijaribu. Alimngoja muuguzi wa zamu amwambie, muuguzi akaanza na shikamoo baba, na Yoramu akajikuta anauliza habari za watoto wake. Jioni Daktari Rehmat alipopita alijikaza akamwambia kwamba vichwa vya watu wa Usoke ni vizito kidogo. Daktari akacheka, akasema ndiyo maana wanafanya vizuri shuleni. Kila mlango aliogonga ulifunguliwa na salamu, na kila salamu ilimfunga mdomo.

Usiku aligeukia kitanda cha Abasi, akakohoa ili asimshtue.

“Ndugu yangu,” akasema, “kama haitakuwa usumbufu, naomba Ijumaa unitukane mbele ya daktari.”

Abasi alikaa kitandani. Alisema katika maisha yake hajapata kuombwa tusi kwa heshima namna hiyo. Yoramu akamweleza: akitukanwa na mtani, atajibu, na akijibu mtani ukweli hutoka wenyewe. Yeye atazungumza na Abasi, wala hatamkosea mtu adabu, na daktari atakuwa amesimama hapo na masikio yake. Abasi alifikiri, akasema tusi la bure ni mapenzi lakini tusi la kuagizwa ni kazi, na kazi ina malipo. Wakapatana kwa chupa ya asali.

Ijumaa mgeni wa Wizara aliingia wodini na suti ya mikono mifupi, kalamu mfukoni, na nyuma yake msafara wa watu wa mkoa. Wodi nzima iliketi wima na kukunja uso. Yoramu alikuwa amefunga kifungo cha shingoni, mchi unatwanga, akageuza jicho kwa Abasi kumpa ishara.

Abasi alikuwa amesimama kando ya kitanda chake kama gwaride, mikono ubavuni. Reli ilikuwa mali ya serikali, mgeni alikuwa mtu wa serikali, na gadi anaweza kuhamishwa kwa neno moja akajikuta anapeperusha bendera huko Mpanda, mwisho wa reli. Mgeni alipomfikia, yule mkosa adabu wa Chemchem aliinamisha kichwa akasema shikamoo, mkubwa, sijambo kabisa, nashukuru. Yoramu alimtazama kwa masikitiko.

Daktari Rehmat akaeleza matokeo. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo ndiyo maana ya kujitegemea, na kwamba fedha za sindano nyembamba zitanunua kitu kingine. Kisha akamgeukia Yoramu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote pale.

“Shikamoo, mzee. Hali?”

“Marahaba, mwanangu,” akasema Yoramu, na salama ilikuwa tayari ulimini. Ila kwanza, kama mwenyeji yeyote wa maana, alimkaribisha mgeni Tabora na kumuuliza nyumbani ni wapi.

“Maneromango,” akajibu mgeni. “Mzaramo wa kuzaliwa, mzee.”

Abasi alifumba macho. Yoramu alimtazama mkubwa yule, akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Usoke angeliamini hata kwa kuapishwa. Alifungua kifungo cha shingoni, akajilaza chali mbele ya mgeni wa serikali, akavuta shuka mpaka kifuani.

“Kumbe Mzaramo,” akasema. “Basi nirudishie marahaba yangu. Babu yangu alibeba pembe ya ndovu kichwani kutoka hapa mpaka kwenu, na njiani mkamlia chakula chake, na kichwa hakikumuuma. Mimi mjukuu wake mmenipigilia msumari mgongoni, sasa hata kofia siwezi kuibeba. Nikilala ni mzima. Nikikaa kinapasuka mpaka shingoni. Kila asubuhi mtoto huyu wa Kassamali akiniamkia ninakaa, na nikikaa natamani nife, na ninamwambia salama. Nimemdanganya. Na wiki ijayo mnataka kumchoma binti yangu msumari huohuo kwa sababu ya uongo wangu. Nimekataa. Unasikia, wewe mla ubwabwa wa misiba? Yoramu amekataa.”

Watu wa mkoa walitazama viatu vyao. Mmoja alikwisha anza kufikiri jambo hilo ataliripoti vipi.

Mgeni alikuwa ameduwaa, mdomo wazi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akashika chuma cha kitanda, akacheka mpaka kalamu ikaanguka kutoka mfukoni. Alisema amekaa ofisini mwaka mzima hajatukanwa na mtu anayejua kazi yake, na kwamba siku zote kwao walijua Mnyamwezi haumwi kichwa kwa kuwa ndani hamna kitu cha kuuma. Abasi, alipoona mvua imepita, akajitokeza na kusema hata yeye alikuwa na maneno kama hayo. Hakuna aliyemsikiliza.

Daktari Rehmat hakucheka. Alisogea kitandani, akamwomba Yoramu akae. Yoramu akakaa, uso ukajikunja. Akamwomba alale, uso ukalainika. Akamwomba akae tena, na Yoramu, ambaye adabu zake zilikuwa zinarudi, alikaa tena bila kunung'unika. Rehmat akaelewa. Aliona jinsi mzee alivyoketi kwa ajili ya salamu yake, siku baada ya siku, na jinsi swali lake la kitabibu lilivyokuja limefungwa ndani ya shikamoo ya Dolatbai, mahali ambapo halingeweza kupata jibu jingine. Macho yake yalijaa machozi. Aliona aibu, na aliona huruma, na juu ya hayo aliona kwamba nusura awaambie watu wa nchi nzima jambo lisilo kweli.

Akageuka akapita vitandani upya. Safari hii hakumwamkia mtu. Alisema kwa kila mmoja, lala, kisha akasema, kaa, akatazama uso bila kuuliza kitu. Kinywa kinaweza kufundishwa adabu tangu utotoni, lakini uso wa mtu anayeumwa kichwa haukusoma popote. Wenye njugu nyeupe waliketi wakashangaa wanatazamwa nini. Wa nyekundu waliketi wakafumba macho, karibu wote. Mzee mmoja wa Nzega alipoona siri imetoka, alisema na yeye kichwa chake kilikuwa na neno, ila hakutaka kuwa wa kwanza.

Mgeni alitazama yote hayo, na kicheko kikamwisha pole pole. Hakuahidi mengi, maana mtu wa Wizara haahidi mbele ya mashahidi, lakini alimwambia Daktari Rehmat aanze utafiti upya kwa njia ile ya kukaa na kulala, na kwamba sindano nyembamba zisiondolewe kwenye orodha. Kisha, akiwa mtani na mwenye haki zake, aliinama chini ya kitanda cha Yoramu, akachukua chupa ya asali, akaondoka nayo. Abasi aliisindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Wiki iliyofuata Tekla alishuka stesheni ya Tabora na Pelagia, na kabla hajafika wodini alikuwa amekwisha simuliwa habari zote na watu watatu tofauti. Alimkuta mumewe ameketi, maana kichwa kilikuwa kimeanza kupoa. Alimtazama kama anayemtazama mgeni. Hakusema neno, na kwa Tekla hiyo ilikuwa heshima kubwa. Kisha akauliza asali iko wapi.

Sindano nyembamba zilikuwa zimebaki chache, na Daktari Rehmat aliitenga moja iliyonyooka kuliko zote. Safari hii hapakuwa na kopo wala njugu. Pelagia alichomwa, akapasuliwa, akamsikia mwanawe akilia huku macho yake yako wazi. Alikuwa mtoto wa kiume, mwenye mapafu kama ya Tekla.

Yoramu aliambiwa kwamba kichwa, kama kitakuja, kitakuja siku ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza hakulala. Ya pili alizunguka ua wa hospitali akijifanya anatafuta kivuli. Ya tatu alivaa shati lake la kanisani, akaenda wodi ya wazazi.

Pelagia alikuwa ameketi, ameegemea mto, anamnyonyesha mtoto. Alipomwona baba yake aliinamisha kichwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, baba. Salama tu.”

Yoramu alisimama pale. Neno lile alilijua, lilikuwa lake, yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kulisema kabla hajajua kutembea. Maisha yake yote alikuwa amelisema na kulipokea bila kulitazama ndani, na sasa halikumtosha. Akafanya jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu baada ya salamu.

“Kweli?” akauliza.

Pelagia aliinua macho kwa mshangao. Alimtazama baba yake, akamtazama mtoto, akatazama mlango kama kuna mtu anasikia.

“Mshono unauma, baba,” akasema polepole. “Unauma sana nikikohoa. Chuchu zimechubuka, mgongo unawasha pale walipochoma, uji wa hapa hauna sukari, na mjukuu wako huyu anapiga kelele usiku kucha. Lakini kichwa hakina kitu. Nimekaa tangu asubuhi.”

Yoramu alimsikiliza mpaka mwisho. Kila maumivu aliyoyataja yalimwingia vizuri, moja baada ya jingine, kwa sababu mtu aliyesema kweli juu ya mshono na chuchu na uji hakuwa na haja ya kudanganya juu ya kichwa. Alimpa pole, akaushika mguu wa mjukuu wake, akatoka.

Tekla alikuwa anamngoja kwenye ngazi. Alipomwona anafuta macho alisimama ghafla, akamuuliza Pelagia ana hali gani.

“Anaumwa,” akasema Yoramu, akicheka huku machozi yakimtoka. “Anaumwa kila mahali, mke wangu, isipokuwa kichwani.”